Kitunga na Shimo la Takataka: Somo juu ya Kubadilisha Ikoni za Ordinatere



Katika namba iliyopita tulieleza namna ya kuwasha na kuzima ordinatere zetu bila kuziharibu, hasa siku umeme unapokuja na kukatika mara tano kwa asubuhi moja. Leo tunaendelea na jambo ambalo wengine wanaliona kuwa mchezo tu: kubadilisha ikoni, yaani zile picha ndogo zinazokaa juu ya kioo mashini inapowaka. Hapa shuleni wengi wanasema «kapicha», na ni jina zuri. Tutatumia yote mawili.

Kwamba si mchezo, wote waliokuwapo mwezi uliopita wanajua. Mwanafunzi mmoja wa kalasi ya saba aliandika kazi ya jiografia juu ya mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020. Hakunakili buku. Alikwenda kwa nyanya yake, mama ya baba yake, akamwuliza maji yalifika saa ngapi, yalipitia wapi, yalichukua nini, akaandika yote. Kurasa tatu, kwa muda wa majuma mawili, maana zamu ya kila mtu mbele ya mashini ni nusu saa. Siku alipomaliza aliikamata kazi kwa panya, akaivuta mpaka kwenye kapicha kanakoitwa «Corbeille», akaitia humo, akaenda zake na furaha. Ijumaa wenye zamu ya usafi wakafinya «Vider la Corbeille» kama wanavyofanya kila Ijumaa. Jumatatu mtoto akaja:

— Yaya, kazi yangu iko wapi?

— Uliiweka wapi?

— Mu kitunga.

— Juu ya nini mu kitunga?

— Kwetu ku nyumba kitunga iko ya kuchunga vitu.

Wengi walicheka. Sisi hatukuona cha kuchekesha, kwa sababu mtoto aliisoma picha sawasawa. Nenda ufukweni Kalundu asubuhi, uangalie mama anayenunua ndakala atazitia wapi. Ni mu kitunga. Mihogo, lenga-lenga, mikebuka, hata kuku mwenye kufungwa miguu, vyote ni mu kitunga. Kitu kikiisha kuingia humo, kina mwenyewe, kinalindwa, kinabebwa juu ya kichwa mpaka nyumbani. Hatujaona mama wa Uvira anayekusanya takataka ndani ya kitunga chake cha soko. Takataka zina shimo lake nyuma ya nyumba, na jioni zinachomwa. Basi nani alikosa? Mtoto, au picha?

Ili kujibu, inafaa kujua picha ile ilizaliwa wapi.

Hapo kwanza ordinatere haikuwa na picha. Mtu aliandika amri kwa maneno, tena maneno yaliyokatwa kutoka Kiingereza: DEL kwa kufuta, COPY kwa kunakili. Asiyejua amri hakuwa na la kufanya. Mwaka 1973 watafiti wa kampuni Xerox, mjini Palo Alto huko Marekani, walitengeneza mashini iliyoitwa Alto, yenye kioo kinachoweza kuonyesha michoro, na panya wa kuongoza mshale. Mwaka 1975 David Canfield Smith, katika kitabu chake cha udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, aliziita picha za namna hiyo «ikoni». Ni neno la Kigiriki, maana yake sanamu au mfano wa kitu. Kisha mwaka 1981 Xerox wakatoa mashini ya kuuzwa, jina lake Star. Mashini moja ilikuwa bei ya dola 16,595.

Kumbuka Xerox walikuwa watu wa mashini za kunakili karatasi. (Mashini zao zinanakili bila mtu kujipaka wino, sisi wa gazeti hili tungali na stensili, mikono yetu ni ushahidi.) Wateja wao walikuwa makarani wa maofisi ya Marekani. Kwa hiyo walipotafuta picha walichora vitu ambavyo karani anaviona akiinua macho: karatasi, dosie, kabati la dosie, kikapu cha barua zinazoingia na kikapu cha barua zinazotoka. Kioo chote kikawa mfano wa meza yake. Ndiyo sababu mashini zetu zinaposema Kifaransa zinakiita kioo hicho «Bureau». Wale watu walifanya vema kabisa. Walimwangalia mtu wao, wakachora vitu vyake. Ila mtu wao hakuwa mama wa Kalundu.

Tarehe 24 Januari 1984 kampuni Apple ikatoa Macintosh. Ikoni zake nyingi zilichorwa na mwanamke mmoja, Susan Kare. Hakuwa fundi wa mashini, alikuwa msomi wa sanaa. Alianza kazi kwa daftari la miraba na kalamu: kila mraba ni nukta moja ya kioo, ujaze au uache wazi. Tunawaomba wale wanaosema kwamba bila kujua hesabu ngumu huwezi kugusa ordinatere wasome sentensi hiyo mara mbili.

Juu ya Macintosh mahali pa kutupia palikuwa pipa la takataka, lile la chuma lenye mifuniko ambalo Wamarekani wanaliweka nje ya nyumba. Waingereza, ambao lugha yao ni ile ile, walipopata mashini hiyo, jina lilibadilishwa likawa la kikapu cha karatasi mbovu cha ofisini. Wafaransa wakasema «Corbeille», nalo ni kikapu. Unaona njia ilivyopita: pipa la Marekani, kikapu cha Ulaya, kitunga cha Uvira. Kila hatua inaonekana ndogo, lakini mwishoni maana imegeuka juu chini. Na hata wenyewe walichanganyikiwa: juu ya Macintosh ya zamani, ili disketi itoke katika mashini, uliweza kuivuta mpaka ndani ya pipa la takataka! Watu waliogopa kazi yao itafutwa, na waliogopa kwa haki.

Kubadilisha ikoni kwa mkono wa mtumiaji mwenyewe hakukuchelewa sana. Windows 3.1 ya mwaka 1992 iliruhusu, na Apple nao waliruhusu katika System 7 ya mwaka 1991, ambapo unabandika picha yako katika dirisha la habari za faili. Mashini zetu nne zina Windows 98. Ni za zamani, kweli. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 11 Julai 2006, na ndiyo sababu haziunganishwi na intaneti hata kidogo. Lakini kwa somo la leo uzee wao ni faida, kwa sababu kila kitu kinaonekana wazi na hakuna kilichofichwa sana.

Sasa tuingie kazini. Daftari la hesabu likae karibu.

Ikoni ya kawaida ya wakati ule ni mraba wa nukta 32 kwa 32. Zidisha: nukta 1,024. Ni chache mno. Chora kwanza kwenye karatasi ya miraba, mistari 32 kwenda kando na 32 kwenda chini, ukaijaze. Utaona upesi kwamba uso wa mtu hautoshi, lakini jembe linatosha, samaki anatosha, mtumbwi unatosha. Ukitaka kuonyesha nyavu utaharibu. Weka mistari mitatu tu, jicho la msomaji litamaliza lenyewe. Rafiki yetu mmoja alitaka kuchora apollo, ile mitumbwi ya kuvulia ndakala usiku pamoja na taa zake zote, akatoa kitu kama jongoo. Alipoacha taa moja na mtumbwi mmoja, kila mtu alitambua.

Kisha fungua Paint. Katika menyu «Image» chagua «Attributs», andika 32 kwa upana na 32 kwa urefu, nukta. Kuza picha mpaka uone kila nukta peke yake. Jaza rangi kufuatana na daftari lako. Ukimaliza, chagua kuhifadhi kwa rangi 16, halafu uandike jina ndani ya alama za kunukuu, hivi: "shimo.ico". Bila alama hizo mashini inaweza kuongeza mkia wake yenyewe na kuliharibu jina.

Hapa mwanafunzi wa hesabu ataona jambo la kumpendeza. Rangi 16 zinahitaji biti 4 kwa kila nukta. Nukta 1,024 mara biti 4 ni biti 4,096, yaani baiti 512. Ongeza orodha ya rangi, baiti 64, na maandishi ya mwanzo, baiti 54: faili yako itakuwa baiti 630. Nenda kaangalie, utakuta 630 kamili. Lakini ikoni halisi ya ukubwa na rangi hizo ina baiti 766. Tofauti ya 136 inatoka wapi? Nane ni za maandishi ya mwanzo, ambayo kwa ikoni ni marefu kidogo. Zile 128 ni karatasi ya pili, biti moja kwa kila nukta, inayosema: hapa picha, hapa wazi. Paint haitengenezi karatasi hiyo ya pili. Kwa hiyo picha yako itatokea ndani ya mraba wenye rangi, kama kiraka kwenye shati. Dawa yake ni nyepesi: jaza sehemu ya nyuma kwa rangi ile ile ya kibuluu-kijani iliyo kwenye kioo cha Windows 98, imo katika rangi za Paint. Kiraka kitapotea.

Faili iwekwe ndani ya dosie moja tu, tuliyoiita ICONES, kwenye diski ya ndani ya mashini. Usiiache kwenye disketi, maana mashini itaitafuta disketi kila mara na utasikia inanguruma bure. Wala usiihamishe baadaye. Ikoni haiingizwi ndani ya programu. Mashini inakumbuka tu njia ya kuifikia, na njia ikikatika picha inapotea.

Kubadilisha kwenyewe ni hivi. Kwa ikoni ya njia ya mkato, ile yenye kamshale kadogo pembeni, finya kitufe cha kuume cha panya juu yake, chagua «Propriétés», halafu kitufe «Changer d'icône», halafu «Parcourir», utafute faili yako, ukubali. Kwa dosie ya kawaida kitufe hicho hakipo. Utengeneze njia ya mkato ya dosie hiyo, ubadilishe picha ya njia ya mkato. Na kwa «Corbeille», «Poste de travail» na «Mes documents» njia ni tofauti: finya kitufe cha kuume mahali patupu pa Bureau, «Propriétés», kisha ukurasa wa «Effets». Hapo utaziona zimepangwa, na Corbeille imo mara mbili, tupu na yenye vitu. Ukichora moja tu, utaona ajabu: asubuhi shimo, mchana kikapu tena. Chora mbili. Katika ukurasa huo huo kuna kitufe cha kurudisha picha ya zamani, basi asiogope mtu.

Jina la Corbeille, lakini, menyu haikuruhusu kulibadilisha katika Windows 98. Picha unaweza, neno huwezi. Ni kinyume kabisa cha kazi nyingine tunayoipenda: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia barua na hesabu zenye menyu kwa Kiswahili. Kazi ile ilikuwa kubwa, na tunaipigia makofi. Ilikuwa kazi ya maneno. Lakini mwandishi wa Kiswahili akiisha kusoma neno «hifadhi», bado anaonyeshwa picha ya disketi, na watoto wa kalasi ya saba, tukiwaonyesha ile disketi moja iliyobaki kabatini, wanauliza ni kitu gani. Neno limefika nyumbani, picha ingali safarini.

Basi tulifanya nini juu ya kitunga? Tuliitisha kamati ya wale wanaojua kuchora. Wengine walitaka fagio. Lakini fagio ni la kufagia, mtu atafikiri kapicha kale kanasafisha mashini. Wengine walitaka moto. Moto ni wa kweli kwa takataka zetu, ila unatisha kupita kiasi, na pia si sahihi: kitu kikiingia Corbeille hakijaungua bado. Ukifinya kitufe cha kuume juu yake na kuchagua «Restaurer», kinarudi pale kilipokuwa. Ni «Vider» ndiyo inayochoma. Mwishoni tulikubali shimo: tupu, ni duara jeusi lenye udongo pembeni, lenye vitu, ni lile lile na maganda ya ndizi yakichungulia juu. Kitu kilichotupwa shimoni jana bado unaweza kushuka kukitafuta, ukiwa na moyo. Kikichomwa, basi.

Na kitunga hatukukitupa. Tulikichora upya, kina mikebuka miwili inayotokeza mikia, tukakiweka kuwa picha ya «Mes documents». Sasa mtoto akitia kazi yake mu kitunga, itakaa.

Mwalimu mmoja alitupinga, na hoja yake tunaiandika kwa sababu ni nzito. Alisema: mtazoeza watoto picha za hapa tu. Kesho watakwenda kwenye ofisi ya mjini, au chuo kikuu Bukavu, au Bujumbura ng'ambo ya ziwa, watakuta kikapu, na kwa kuwa ninyi mmewafundisha kwamba kitunga ni cha kuchunga, watapoteza si kurasa tatu bali mia. Mtu anayejifunza, alisema, ajifunze kitu kama kilivyo duniani.

Tulizungumza naye muda mrefu. Tunakubali nusu. Kweli dunia haitabadilisha picha zake kwa ajili ya Uvira. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuona kwamba picha inaweza kubadilishwa anafikiri ilishuka kutoka mbinguni, na anapokosa anajiona mjinga. Yule mwenye kazi ya mafuriko alikaa siku nne bila kuigusa mashini, akisema yeye haiwezi. Alipoona picha ile ikigeuzwa mbele ya macho yake, na kuambiwa ilichorwa kwa makarani wa mbali, alikaa kitini akaanza kuandika upya. Nyanya yake, tunashukuru, hachoki kusimulia, na safari hii ameongeza habari za mbuzi wawili.

Mapatano yetu na Bwana Prefe wa shule ni haya. Mashini namba 1 na 2 zina shimo na kitunga. Mashini namba 3 na 4 zinabaki kama zilivyotoka kiwandani. Kila mwanafunzi wa kalasi ya saba ataanza kwa 1 na 2, kisha atapita 3 na 4 kabla ya Pasaka, na huko ataonyeshwa wazi kwamba kikapu kile ni shimo letu lililovaa nguo nyingine.

Tena kuna jambo la kukataza. Juma lililopita mtu fulani aliibandika picha ya kitunga chetu juu ya Corbeille ya mashini namba 2, ili awacheke wadogo. Mtu huyo anajua sana kubadilisha ikoni, tunamsifu kwa ufundi. Lakini picha inayosema uongo ni mbaya kuliko picha isiyoeleweka, maana isiyoeleweka inakufanya uulize. Kuanzia sasa hakuna atakayebadilisha ikoni ya «Corbeille», ya «Mes documents» wala ya «Poste de travail» bila kiongozi wa wanafunzi kuwapo. Picha za njia za mkato zako mwenyewe, chora unavyotaka. Tumeona simba, tumeona pikipiki, tumeona kitu ambacho mwenyewe anasema ni Mwalimu wa kemia. Na wenye zamu ya Ijumaa hawatafinya «Vider» tena mpaka wasome kwanza orodha ya vilivyomo kwa sauti, mbele ya watu wawili.

Kazi ya nyumbani. Tafuta picha mbili za kuchorwa kwa nukta 32 kwa 32. Ya kwanza iwe ya «kuhifadhi», bila disketi. Sanduku, kibubu, ghala ya mahindi ya Kiliba, chochote, mradi mtoto wa kalasi ya saba aitambue bila kuambiwa; umjaribu mmoja asiyekaa nyumbani kwenu. Ya pili iwe ya «kunakili», ambayo sisi wenyewe imetushinda mpaka leo. Chora kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya miraba, rangi zisizidi 16, uandike jina na kalasi nyuma ya karatasi. Wapeni makapita wa kalasi zenu kabla ya Alhamisi saa sita. Zitakazochaguliwa zitatiwa katika dosie ICONES Jumamosi, umeme ukikubali.